Programu ya adhana kwenye simu: nyota tatu, na sababu zake

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko Langoni, hapa Lamu, na baada ya skrini zilizopasuka kazi ninayoombwa sana ni hii: "Fundi, niwekee ile ya adhana." Mtu akinunua simu, au akiletewa na mwanawe aliyeko Oman, WhatsApp huwekwa kwanza, adhana ya pili. Nimeziweka nyingi kiasi kwamba naona nina haki ya kusema neno juu ya hii inayopendwa zaidi mjini. Jina lake silitaji, kwa sababu kasoro zake ni za ukoo mzima. Fungua Play Store, andika "adhana", na zile tatu nne za juu utakuta baba mmoja mama mmoja.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za hesabu yake, ambayo ni safi. Ya tatu ni ya ukurasa mmoja ambao wateja wangu karibu wote hawajaufungua hata siku moja, na nitaufikia. Mbili nimezizuia kwa sababu programu hii inatoa habari za namna tatu mbalimbali, na zote inazitoa kwa uso ule ule mkavu wa tarakimu, hata usijue ipi imepimwa, ipi ni ijtihadi, yaani rai, ya wanavyuoni, na ipi ni ratiba tu iliyopangwa na mtu ofisini.

Madogo niyamalize haraka. Haili betri. Ukishaiambia uko wapi inafanya kazi bila bando, na kwa watu wa visiwani hilo si jambo dogo. Herufi zake ni kubwa, wazee wanasoma bila miwani. Matangazo ndiyo fedheha yenyewe: adhana ya Magharibi ikikatika, dua hujaimaliza, linatokea tangazo la kamari linakuita ubashiri mechi za Uingereza. Mama mmoja aliniletea simu akiapa imeingiwa na virusi.

Sasa kibla. Nimeanza nayo kwa sababu ndilo jambo ambalo mtu anaweza kulihakikisha mwenyewe bila kumwamini mtu yeyote, si mimi, si wenye programu, si hata shehe wake. Makka iko nyuzi 21 na kitu kaskazini ya ikweta. Jua, katika kupanda kwake kwenda kaskazini na kurudi, hupita juu ya utosi wa Kaaba mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Mei, tarehe 27 au 28, na katikati ya Julai, tarehe 15 au 16. Saa zetu na za Saudia ni moja, kwa hiyo hakuna cha kujumlisha wala kutoa. Mei ni saa sita na dakika 18 mchana. Julai ni saa sita na dakika 27. Dakika hiyo, ukilielekea jua umeielekea Kaaba, na kivuli cha kitu kilichosimama wima kinalala kuelekea kinyume chake.

Nilipanda na simu juu ya dari ya ami yangu, Mkomani. Ami alikuwa mvuvi, kisha miaka mingi akaadhini msikiti wa mtaani kwao, na simu hizi anaziheshimu kama anavyomheshimu mgeni asiyejulikana alikotoka. Tulisimamisha fimbo ya mita moja kwa timazi tuliyoazima kwa mwashi, ami akashika chaki. Saa sita na dakika 18 akapiga mstari kutoka ncha ya kivuli hadi shina la fimbo. Kivuli kilikuwa kifupi, kama sentimita 44, maana jua lilikuwa karibu na utosi. Mstari ukatoka kaskazini, na uegemeo mdogo sana wa upande wa magharibi. Ndipo nikaruhusiwa kuweka simu chini.

Mshale wa programu ukaenda kwingine kabisa, kaskazini-mashariki. Ami hakusema kitu, aliniangalia tu. Lakini mimi ni fundi, nikajua pa kutazama: kava. Kava za kufunika kama kitabu zina kisumaku kwenye mdomo, na dira ya simu ni kihisio cha sumaku, basi kinavutwa na kilicho karibu. Nikaivua, nikaizungusha simu hewani kwa umbo la 8 kama wanavyoelekeza, nikaiweka tena juu ya chaki. Ikakaa. Nyuzi 357 na nusu, ndivyo ilivyoandika, yaani kaskazini upungufu wa nyuzi mbili na nusu, na mshale na mstari vikawa kitu kimoja.

"Yua haliyui kusema urongo," akasema ami, na sikuweza kujua anaisifu simu au anaipa onyo.

Kwa udadisi niliipeleka simu ile ile darini kwa jirani, nyumba mpya ya zege. Pale mshale ulikuwa ukibadilika kila nikisogea kutoka nguzo hadi nguzo, kwa sababu ya nondo zilizomo ndani. Nyumba ya ami ni ya mawe, chokaa na boriti za mikoko, chuma hakimo. Kwa hiyo wenye nyumba za kale mtafurahi kusikia kwamba dira ya simu inafanya kazi vizuri zaidi kwenu kuliko kwa waliojenga juzi. Na wenye simu za bei ya chini mjue jambo moja: nyingi hazina kihisio hicho kabisa. Mshale hauzunguki, au unazunguka ovyo, na mtu anadhani programu ni mbovu. Programu haina kosa, haina jicho la kuonea. Namba ya nyuzi inayoandika bado ni sahihi. Na kwa mtu wa Lamu asiye na muda wa yote haya, misikiti yetu inaelekea kaskazini, nenda na safu.

Katika kibla, basi, alama zote. Ilisema jambo, tukalipima kwa fimbo, likathibiti. Anayetaka kulikataa na apande darini mwezi wa Julai.

Nyakati za swala ni hadithi nyingine, na hapa watu wengi huteleza kwa sababu saa zote zimepangwa kwenye orodha moja, kwa rangi moja. Machweo ni kipimo: jua limezama au halijazama. Programu inahesabu kwamba kiini cha jua kiwe chini ya upeo kwa dakika 50 za nyuzi, yaani sehemu 50 kati ya 60 za uzi mmoja. 34 kwa ajili ya hewa inavyoupinda mwanga, 16 kwa ajili ya nusu ya duara la jua lenyewe. Adhuhuri nayo ni kipimo, jua limepinduka. Alasiri ni kipimo pia, lakini inakutaka useme madhehebu. Sisi Mashafii tunaswali kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli cha mchana. Mahanafi wanangoja kifike mara mbili. Kwa Lamu tofauti ni kama saa moja, wakati mwingine zaidi. Kuna simu zinazotoka nje ambazo huja zimewekwa Hanafi, na mtu anaswali Alasiri amechelewa na jamaa mwaka mzima asijue kwa nini.

Alfajiri ndiyo yenyewe. Vitabu vya fiqhi vinatenga alfajiri mbili. Ya uongo ni weupe unaosimama kama mkia wa mbwa mwitu, kisha giza linarudi; ya kweli ni ule unaotandaa kwa upana wa upeo. Wanafalaki wa leo wanasema ule mkia ni vumbi lililotapakaa angani katika njia ya sayari, linapigwa na jua ambalo bado liko mbali chini yetu, na sisi wa karibu na ikweta tunauona vizuri kuliko watu wa kaskazini. Yaani waliousimulia hawakuota. Walikaa nje usiku wakatazama. Lakini weupe wa kweli unaanza lini hasa? Hapo programu inahitaji namba: jua liwe chini ya upeo kwa nyuzi ngapi. Muslim World League wanasema 18. Misri 19 na nusu. Chuo Kikuu cha Umm al-Qura cha Makka 18 na nusu. Waislamu wa Amerika Kaskazini, ISNA, wanasema 15. Kwetu hapa kila uzi mmoja ni dakika nne na kidogo. Basi kutoka 15 hadi 19 na nusu kuna karibu dakika 20, na katika Ramadhani dakika 20 ni daku nzima.

Walinijia ndugu wawili, programu moja, kila mmoja na simu yake, wamegombana. Mmoja simu yake ilitoka Marekani na ilikuwa kwenye ISNA. Anaendelea kunywa chai huku mwenzake amekwisha kuleta takbira. Kila mmoja ananyoosha kidole kwenye skrini: "Tazama, imeandikwa." Na kweli ilikuwa imeandikwa, tena na sekunde zinazohesabu kurudi nyuma, 00:11:43, 00:11:42. Hizo sekunde ndizo ninazolalamikia. Tofauti yao ilikuwa ni rai za wanavyuoni, watu wenye elimu waliotazama giza na kukhitilafiana, na programu imeichukua khitilafu hiyo ikaivisha nguo ya saa ya ukutani. Ukiona sekunde, hushuku kwamba kuna mtu alichagua.

Na hapo ndipo penye ule ukurasa wa nyota ya tatu. Bonyeza gurudumu la mipangilio, teremka hadi "Njia ya hesabu". Pale yamo majina yote niliyoyataja, na nyuzi zake mbele yake, na duara dogo la kuchagua. Mwalimu wetu wa darsa nilipomwonyesha alivaa miwani, akausoma ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema, "Kumbe isnadi yake mmeificha huku." Sijasikia mapitio ya programu yaliyo bora kuliko hayo. Isnadi ni mnyororo wa wapokezi: katika elimu ya hadithi hakuna anayekubaliwa kusema "Mtume alisema" akanyamaza. Ataulizwa kakwambia nani, na huyo kaambiwa na nani. Abdullah ibn al-Mubarak, aliyefariki mwaka 797, alisema isnadi ni sehemu ya dini, na lau si isnadi kila mtu angesema atakalo. Programu inakupa "Alfajiri 5:02" bila mpokezi hata mmoja, na wapokezi wake imewafungia chumba cha nyuma.

Nyota mbili nilizozizuia, hata hivyo, zilikwenda na mwezi.

Ilikuwa jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Watu wako darini wanatazama magharibi, juu ya minazi, mawingu yametanda, watoto wanaona hilali katika kila kitu cheupe. Swala ya Magharibi haijaisha vizuri, simu zikaanza kulia mtaa mzima: "Kesho ni Idd. Idd Mubarak!" na picha ya taa. Hakuna aliyeona. Kadhi Mkuu hajasema neno. Nyumba kadhaa zilianza kuchambua mchele wa pilau usiku ule, na mke wa ndugu yangu akaniuliza kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Shemeji, wewe si ndiye uliyetuwekea?" Usiku ukaenda, tangazo likatoka kwamba mwezi haukuonekana, tukafunga ya thelathini. Si wote. Kuna waliofungua na Makka, kama ilivyo kila mwaka, na hilo ni jambo kongwe ambalo programu haikulianzisha.

Nilichotaka kujua ni nani aliyeiambia simu. Nikachimba kwenye mipangilio: kalenda ya Hijria imewekwa Umm al-Qura. Hiyo ni kalenda ya hesabu ya Saudia, na tangu mwaka 2002 kanuni yake ni kwamba ikiwa mwezi umekutana na jua kabla ya machweo ya Makka, na siku hiyo ukachwa baada ya jua, basi kesho ni mwezi mpya. Haiulizi kama kuna jicho lililouona. Ni ratiba, ya kupangia shughuli za kiraia, nayo ni nzuri kwa kazi hiyo. Saudia wenyewe kwa Ramadhani na Idd wanangoja mashahidi. Kwa hiyo simu zetu zilitangaza kama habari ya jioni ile kitu kilichoandikwa miaka mingi kabla mawingu hayo hayajazaliwa.

Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa kibandani siku ya pili akatucheka. Sayansi imekwisha kumaliza mjadala huu, akasema, mnapanda darini kutafuta nini? Na mzee mmoja aliyekuwa anangoja chaji akamjibu kwamba kompyuta haishiki shahada, na hesabu katika dini ni bidaa. Nilitaka kuwafukuza wote wawili. Kijana nilimwuliza simu yake inatumia kanuni gani. Hakujua. Yaani anamfuata mhandisi asiyemjua jina wala mji, na anaita hiyo ni akili. Kwetu hiyo ina jina, ni taqlidi, na yake ni mbaya zaidi kwa kuwa hajui kwamba anaifanya. Mzee naye anazikataa hesabu huku saa ya mkononi ndiyo iliyomleta msikitini Adhuhuri.

Sikilizeni hesabu inaweza nini. Kutoka mkutano mmoja wa mwezi na jua hadi mwingine ni kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44, na inajulikana kwa uhakika ambao hakuna fundi anayeuota. Danjon, mwanafalaki wa Ufaransa, aligundua katika karne iliyopita kwamba mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi kama 7, hilali haiundiki hata mbingu iwe safi namna gani. Basi ikiwa jioni fulani mwezi umekuchwa kabla ya jua, na mtu akaja kula kiapo kwamba ameuona, hesabu ina haki ya kumwambia: ulichokiona si mwezi. Na hili si neno la wazungu. Taqi al-Din al-Subki, Mshafii mwenzetu, aliyefariki mwaka 1355, alisema hivyo hivyo: hesabu ya yakini ikionyesha kwamba kuonekana hakuwezekani, ushahidi wa mtu mmoja au wawili unarudishwa, maana shahidi anaweza kukosea na hesabu hiyo haikosei. Wengi walimpinga, lakini kauli ipo, na imetoka ndani ya nyumba.

Geuza upande wa pili. Hesabu ikisema kuonekana kunawezekana, je, imeonekana? Hapana. Inawezekana, basi. Kuna wingu, kuna vumbi, kuna macho ya mzee na macho ya kijana. Hesabu ina nguvu kubwa ya kukanusha na nguvu ndogo ya kushuhudia. Programu imeyapindua: jioni ambayo ilipaswa kusema "inawezekana, nendeni mkatazame," ikasema "imekuwa." Ningeipa nyota ya nne kwa neno moja tu la "inawezekana".

Wavuvi wa hapa walilijua hili bila kusoma. Bamvua, yale maji makuu yanayojaa na kupwa sana, linakwambia mwezi na jua vimekutana au vimekabiliana. Maji yanapwa mpaka mashua zinalala ubavu kwenye matope, na ami angeweza kukuhesabia kuanzia maji mafu bamvua litaingia lini. Kwa hiyo alikuwa na hesabu yake, tena nzuri. Na bado jioni ya ishirini na tisa alipanda darini pamoja na wengine. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia maji yanamwambia pa kutazama, hayamtazamii.

Hata ule ugomvi wa Makka na Lamu una asili inayostahili adabu kuliko tunavyoupa. Katika Sahihi ya Muslim, Kuraib alitoka Sham, upande wa Syria ya leo, akamwambia sahaba Ibn Abbas huko Madina kwamba wao waliuona mwezi usiku wa Ijumaa, na Muawiya, mtawala wa huko, akafunga. Ibn Abbas akasema: sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea mpaka tukamilishe thelathini au tuuone. Kuraib akauliza: haukutoshi mwono wa Muawiya? Akajibu: la, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Wengine wakaifahamu kwamba kila mji na mwandamo wake, wengine wakasema mwono wa mmoja unawatosha wote. Kanuni ya kuchagua kati ya hizo haimo katika satelaiti yoyote. Ni suala la nani tunamfuata, na linaweza kujadiliwa kwa hoja, ila si kwa kunyoosheana skrini.

Nililipeleka lote hili darsani, na mwalimu akatoka nje ya simu kabisa akaenda kwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Anasema Ghazali alianza kulishuku jicho lake kwa sababu ya kivuli: unakitazama unakiona kimesimama, baada ya saa moja unajua kilikuwa kikienda muda wote. Nyota unaiona kama dinari, na hoja za jiometri zinasema ni kubwa kuliko ardhi. Basi ikiwa akili imelikadhibisha jicho, nani anijulishe kwamba juu ya akili hakuna hakimu mwingine atakayeikadhibisha nayo? Alikaa na maradhi hayo karibu miezi miwili, na mwenyewe anasema hakuponywa na hoja iliyopangwa. Aliponywa na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Mimi habari ya kivuli nilikuwa nimeiona darini: nilipomaliza kuhangaika na kava, kivuli kilikuwa kimeshauacha mstari wa chaki, na hakuna kati yetu aliyekiona kikiondoka.

Lakini ni Ghazali huyo huyo aliyeonya juu ya watu wanaodhani wanaitetea dini kwa kuzikataa hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Anayezijua hesabu hizo, akiambiwa kwamba zinapingana na dini, hatazishuku hesabu, ataishuku dini. Nilifikiria yule mzee wa chaji. Na mwalimu akaongeza la Ibrahim, mwana wa Mtume, alipofariki Madina na jua likapatwa siku hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Ilikuwa nafasi nyepesi ya kunyamaza. Mtume akasimama akasema jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Wanafalaki wamerudisha hesabu nyuma wakaikuta siku hiyo: 27 Januari 632. Hesabu ikathibitisha kwamba jua lilipatwa. Kwamba Mtume hakuitumia huzuni ya watu kwa faida yake, hilo tunalijua kwa wapokezi. Vyote viwili ninavihitaji, na nikiulizwa kipi nimekipata kwa njia ipi, ninaweza kusema.

Jambo moja la fundi kabla sijamaliza. Usiipe programu yoyote ya aina hii ruhusa ya kujua ulipo kila saa. Mwaka 2020 vyombo vya habari viliripoti kwamba data za mahali walipo watumiaji wa programu moja mashuhuri ya swala zilipitia kwa madalali hadi kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Lamu haihami. Andika jina la mji kwa mkono, zima ruhusa, saa zitakuwa zile zile. Alasiri weka Shafii. Njia ya hesabu ya Alfajiri muulize imamu wako anafuata ipi, usichague ile inayokupa muda mrefu wa chai. Arifa za Hijria zizime zote, na mahali palipoandikwa kurekebisha siku ongeza au punguza moja baada ya Kadhi kutangaza, si kabla.

Nimewaandikia wenye programu, kwa Kiingereza changu cha kibandani, wafanye mambo mawili: chini ya kila wakati waandike kwa herufi ndogo umetoka kwa nani na kwa nyuzi ngapi, na badala ya "Kesho ni Idd" waandike "Kwa kalenda ya Umm al-Qura". Wamejibu kwamba wanashukuru kwa maoni na wakanipa kiungo cha kununua toleo la kulipia. Hilo toleo halibadilishi hesabu hata dakika moja, linaondoa matangazo tu. Kwa mzee anayeswali chumbani na simu ubavuni, mlipieni, asiitwe kwenye kamari akiwa kwenye mswala. Vijana mnaoweza kutembea, bakini na ya bure na mlio muuzime. Lamu misikiti imebanana, adhana ya huku haijakatika ya kule imeshaanza.